Uthabiti wa Molekuli: Kutoka Gome la Mkwinini hadi Sindano ya Artesuneti

Jirani na Kwamkoro, katika milima ya Usambara Mashariki, ipo Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902 na kupanda mikwinini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yao yalipofungiwa njia ya bahari, gome la miti hiyo lilitengenezewa dawa ya malaria humu humu nchini.

Ndani ya molekuli ya kwinini mna pete mbili zilizoshikamana, na elektroni 10 huzizunguka bila kumilikiwa na atomu yoyote moja. Pete za namna hii huitwa za aromatiki. Jina hilo lilitokana na manukato, lakini lisimpotoshe msomaji: kwinini haina harufu. Kinachomaanishwa ni uthabiti.

Uthabiti huo hupimwaje? Njia ya zamani ni joto. Bondi maradufu moja katika pete ya kaboni sita, ikiongezewa haidrojeni, hutoa takriban kilojuli 120 kwa moli. Benzeni, kwa mchoro wa Kekulé wa mwaka 1865, ina bondi tatu za aina hiyo. Ingepasa kutoa 360. Hutoa 208 tu. Zile 150 zinazokosekana hazikupotea: benzeni ilikwisha kuwa imetulia kwa kiasi hicho kabla ya kuguswa. Njia ya karibuni ni ya hesabu. Mwaka 1996 Paul von Ragué Schleyer na wenzake walipendekeza kuweka nukta tupu katikati ya pete, kisha kukokotoa jinsi elektroni zinavyoikinga dhidi ya uga wa sumaku. Jibu likiwa hasi, pete ni ya aromatiki.

Hata hivyo, vipimo hivi huieleza pete, si dawa nzima. Kwinini, pamoja na pete zake imara, huharibiwa na mwanga, na kwa hiyo hufichwa mbali na jua.

Artesuneti ina tabia nyingine kabisa. Haina pete ya aromatiki. Ina daraja la atomu mbili za oksijeni, na bondi ya aina hiyo huvunjika kwa takriban kilojuli 145, ilhali ya kaboni kwa kaboni huhitaji kama 350. Udhaifu huo ndio tiba: daraja hukatika likikutana na chuma ndani ya kimelea, na vipande vyake humuua. Tena, ikiwa ndani ya maji, molekuli hii huanza kumeguka yenyewe. Ndiyo sababu huletwa ikiwa unga mkavu. Mhudumu huuyeyusha kwa sodiamu baikaboneti mgonjwa akiwa tayari, huichoma ndani ya saa moja, na kinachobaki humwagwa. Hakiwekwi kwa ajili ya dozi ya saa 12 baadaye, hata kama chupa ni chache.