Kuchagua maganda ya risasi za kuwindia

Kwanza sheria. Maelezo haya ni kwa msomaji aliyeko Marekani, ambako sheria ya shirikisho inamruhusu mwindaji kujijazia risasi zake bila leseni, mradi asiziuze. Ukiwa huko kwa viza ya muda, kwa kawaida huruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa kama una kibali halali cha uwindaji au unaingia kwenye nafuu nyingine ya sheria. Ganda tupu nalo linahesabiwa kuwa risasi. Usije ukayajaribu haya nyumbani: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.

Ganda ni ile sehemu ya rangi ya dhahabu inayobaki baada ya kufyatua, shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Hubeba baruti, kichwa cha risasi na kiwashio, yaani kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na pini ya bunduki. Katika hivyo vyote, ganda pekee ndilo linalojazwa tena.

Ununue lipi? Soma maandishi ya kwenye mtutu. Ukikuta .308 Winchester, kitako cha ganda nacho kisomeke hivyo. Kuhusu bei, ganda moja la Lapua ya Ufini huvuka dola 1. Ya Hornady au Winchester huwa nafuu. Mlenga shabaha wa mita 800 ana haki ya kulipia Lapua. Wewe unayemvizia kulungu mita 150, sioni sababu. Chukua 50 au 100 ya kampuni moja, tena ya mkupuo mmoja, usiyachanganye. Unene wa kuta hutofautiana, na baruti ileile ndani ya ganda nene la kijeshi huleta shinikizo kubwa zaidi.

Na yaliyokwisha kutumika? Ni rahisi, ila yakague moja moja. Mulika ndani kwa tochi: tundu moja katikati ni sawa, yakiwa mawili, ganda hilo ni la aina ya Berdan, liache. Lenye ufa shingoni, tupa. Ukiona mstari unaong'aa umelizunguka juu kidogo ya kitako, ukuta huenda umekonda na ganda litakatika ndani ya bunduki. Nyoosha kibanio cha karatasi, kunja ncha yake, kwaruza ukuta kwa ndani kuanzia chini. Ncha ikinasa kwenye kijifereji, ganda hilo limekwisha. Liponde kwa koleo kabla ya kulitupa, lisije likarudi kwenye mazima.

Mwisho pima urefu kwa kalipa. Ganda la .308 lisizidi inchi 2.015 (milimita 51.18), likizidi, lipunguze hadi 2.005. Kipimo cha baruti usikisie wala usimuulize rafiki: nunua kitabu cha vipimo cha kampuni iliyotengeneza baruti au kichwa unachotumia, ukisome kabla hujagusa kopo la baruti.