Paa linalovuja na mfuko wa shule

SWALI: Mwanangu ana pumu, na darasani kwao, hapa California, paa linavuja na ukutani kuna ukungu. Mwalimu mkuu anasema mtoto asipokuja, shule inapoteza fedha. Ni kweli?
Mama wa watatu, San Diego

JIBU: Ni kweli, mama. California hugawa fedha kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku, si kwa idadi ya walioandikishwa. Hata mtoto akiwa na cheti cha daktari, siku aliyokosa haihesabiwi. (Pigo hilo halionekani papo hapo, maana wilaya huruhusiwa kutumia pia hesabu ya mwaka uliopita au wastani wa miaka 3.)

Sasa tupige hesabu ya kukadiria tu. Tuseme siku moja ya mwanafunzi ina thamani ya dola 70, na shule ina watoto 600. Kila mmoja akiokoa siku 2 kwa mwaka, hizo ni dola 84,000. Kwa fedha hizo paa hukarabatiwa!

Ukungu na vumbi huchochea pumu, na pumu ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto wa Marekani kukosa masomo. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kujidanganya. Ziba kwanza panapovuja, ndipo usafishe. Kisha vichujio vya hewa vibadilishwe kwa wakati.

Andika barua kwa bodi ya wilaya, uambatanishe picha na orodha ya siku alizokosa mwanao. Shule za umma za California zina fomu maalumu ya malalamiko kuhusu majengo, iombe ofisini.