Vidonda vya tumbo: si mawazo tu!

Eti vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili? Zamani hata madaktari waliamini hivyo. Mwaka 1984, huko Australia, Dk. Barry Marshall alikunywa bakteria waitwao Helicobacter pylori. Siku chache baadaye akaanza kutapika. Kipimo kikaonyesha ukuta wa tumbo lake umevimba. Leo tunajua bakteria hao husababisha vidonda vingi, na vinapona!

Je, tumbo lako linachoma mara kwa mara? Usijinunulie aspirini, yaweza kuleta vidonda. Nenda kituo cha afya, uliza kuhusu kipimo. Ukipewa antibiotiki, maliza dozi hata ukipata nafuu. Ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, wahi hospitali siku hiyo hiyo!