KUVUA PEREGE KATIKA BWAWA LA SHAMBA

Mkulima mwenye bwawa la perege (wengine huwaita tilapia au ngege) asiogope kuwavua. Samaki hawa huzaana upesi sana. Wasipovuliwa hujazana, chakula hakiwatoshi, nao hudumaa. Kwa hiyo kuvua mara kwa mara kuna faida mbili: waliobaki hupata nafasi ya kukua, na watoto nyumbani hupata kitoweo cha kujenga mwili.

1. Ndoana. Tumia ufito mrefu, mshipi mwembamba, na kipande cha kizibo kiwe boya. Perege ana mdomo mdogo, basi chagua ndoana ndogo. Kubwa itapoteza chambo bure.

2. Chambo. Nyungunyungu ni wazuri. Chimba penye unyevunyevu karibu na zizi. Ukiwakosa, finyanga ugali mgumu kadiri ya punje ya mahindi, ufunike ncha ya ndoana.

3. Mahali na saa. Perege hupenda maji ya vuguvugu. Asubuhi ya baridi hawali sana. Ngoja jua lipande, kisha tupa ndoana kando ya matete. Usitembee kwa kishindo, wala kivuli chako kisianguke majini.

4. Afya. Vua ukiwa ukingoni. Usiingie majini, kwani maji yaliyotuama yenye konokono huweza kuleta kichocho.

Kumbuka: bwawa likijaa samaki wadogo watupu, usiwarudishe majini. Watoe, uwapeleke jikoni.