SOMO LETU: MTIHANI HUPIMA AKILI AMA MAFUNZO?



Kila mara matokeo ya mtihani yanapotoka, katika mikutano yetu husikika maneno haya: "Huyu ana kichwa, tumchangie karo. Yule hana, arudi shambani." Ni kweli pesa za kikundi ni kidogo na lazima tuchague. Lakini kabla hatujakata shauri juu ya maisha ya mtoto, tujiulize: mtihani wa kuingia chuo hupima akili aliyozaliwa nayo, ama hupima yale aliyofunzwa?

Tuanze Marekani, maana huko wamebishana juu ya jambo hili kwa karibu miaka mia moja.

Mtihani wa Marekani

Mwaka wa 1917 Marekani iliingia vitani, na jeshi lake likaanza kupima akili za askari kwa mtihani. Swali moja liliuliza Crisco ni nini: ni dawa, ni ya kusugua meno, ama ni chakula? Crisco ni mafuta ya kupikia yaliyouzwa katika maduka yao. Sasa mtu aliyeshuka melini juzi angejuaje? Ikaonekana kwamba wahamiaji waliokaa Marekani miaka mingi walipata alama nyingi kuliko wageni wapya. Sisi tungesema, hawa wamezoea nchi, wamejifunza. Lakini Carl Brigham, msomi wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliandika kitabu mwaka wa 1923 akidai wageni wapya ni watu wa asili yenye akili duni.

Brigham huyo ndiye aliyeongoza kutunga SAT, mtihani wa kuingia vyuoni uliofanywa mara ya kwanza mwaka wa 1926. Jina lake lilikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya kipawa. Mwaka wa 1930 Brigham aligeuka, akaandika kwamba maneno yake ya 1923 hayakuwa na msingi. Hata hivyo mtihani uliendelea, na wenyewe wakasema kufundishwa kwa ajili yake hakusaidii. Mwalimu mmoja wa Brooklyn, Stanley Kaplan, hakukubali. Tangu 1946 aliwafundisha vijana namna ya kuufanya. Mwaka wa 1979 tume moja ya serikali yao ilichunguza, ikaona kwamba masomo kama hayo yanaweza kuongeza alama. Katika miaka ya 1990 lile neno la kipawa likaondolewa katika jina.

Habari kutoka Embu

Tusifikiri mambo haya ni ya ng'ambo tu. Huko Embu, watafiti waliwapima watoto wadogo wa mashambani mwaka wa 1984, kisha wakapima watoto wengine wa rika hilo mwaka wa 1998. Walitumia michoro, si masomo ya darasani. Watoto wa 1998 walipita wale wa kwanza kwa mbali. Je, damu ya watu wa Embu ilibadilika kwa miaka 14? Haiwezekani. Watafiti walitaja mambo matatu: wazazi wengi zaidi walijua kusoma, jamaa zilikuwa na watoto wachache zaidi, na chakula na afya ya watoto vilikuwa vimekuwa bora.

Mizani na gunia

Je, tunasema watoto wote ni sawa? Hapana. Hata wa tumbo moja hutofautiana. Mbegu ni kitu, lakini mvua, mbolea na palizi pia ni kitu. Ukipeleka gunia la mahindi kwenye mizani, mizani haidanganyi. Lakini haikuambii uzito umetoka kwa mbegu ama kwa mbolea.

Na mtihani ni vivyo hivyo. KCSE, ulioanza mwaka wa 1989, hutungwa kutokana na masomo ya shule. Mtoto ambaye shule yake haina maabara, anayesomea koroboi, anayerudishwa nyumbani kila muhula kwa ajili ya karo, atapimwa kwa karatasi ileile ya mwenzake aliye na vyote. Akipata C+, amebeba mzigo mzito kuliko yule aliyepata alama hiyo akiwa na kila kitu. Na akianguka, matokeo yametuonyesha yale ambayo hajajua. Hayajatuonyesha yale ambayo hawezi kujua.

Kwa hiyo tufanye nini?

Kwanza, tukitoa msaada wa karo, tusiangalie alama peke yake. Tuulize pia mtoto alisoma katika hali gani, na alianzia wapi. Pili, tusingoje mpaka kidato cha nne. Uji wa watoto wadogo, madarasa ya akina mama wasiojua kusoma, taa na meza ya kusomea jioni, hizo ndizo mbolea zetu. Tatu, tuache kumwambia mtoto "huna kichwa." Akisikia hivyo kila siku ataamini, na akiamini hatashika kitabu tena.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mwaka uliopita tulimnyima nani msaada kwa sababu ya alama? Alisoma katika hali gani?
2. Katika kijiji chetu, ni kitu gani kinawazuia watoto kusoma jioni?
3. Kwa pesa tulizo nazo sasa, ni jambo gani moja tunaweza kuanza mwezi huu?

Mwandishi wa kikundi aandike majibu, na mkutano ujao tuyarudie.