Zawadi ya Noeli Itokayo Ugenini



Sikukuu ya Noeli ikaribiapo, mtu akaaye katika nchi ya wenyewe hupatwa na wazo jema: "Nitawapelekea nini watu wa nyumbani?" Lakini nyuma yake mara nyingi hufuata lingine lisilo jema: "Nitaonekanaje kwao?" Katika somo hili tujifunze kuyatenga mawazo hayo mawili.

Mwanzoni mwa mwaka 2018, vita vilipowaka katika Djugu, maelfu ya watu wa Ituri walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi wakakimbilia Uganda. Nami nilikuwa mmoja wao, pamoja na watoto wangu wawili. Mama yangu alikimbilia Bunia. Tulipelekwa kwenye makao ya wakimbizi ya Kyangwali. Huko tuligawiwa kipande cha ardhi, na chakula cha msaada: mahindi, maharagwe na mafuta.

Noeli ya kwanza ilipokaribia, nilikuwa na shilingi chache nilizozipata kwa kulima mashamba ya wenyeji. Sokoni nikaona kitenge kizuri, bei yake yapata mara mbili ya fedha zangu. Mwuzaji akakubali kunikopesha. Moyoni nilikwisha kuwaona majirani wa Bunia wakikipapasa na kusema, "Kweli, kijana huyu amefanikiwa!"

Mzee mmoja, mkimbizi mwenzangu, akaniuliza: "Mwanangu, soko la Bunia lajazwa na vitu vya wapi?" Nikanyamaza, maana jibu nalijua. Bidhaa nyingi ziuzwazo Bunia zatoka Uganda, kwa njia ya ziwa hadi Kasenyi, au kwa barabara ya Mahagi. Mzee akaendelea: "Basi wataka kujitia deni ili mama apate kitu kilichoko mlangoni pake. Yeye mwenyewe amekuomba nini?"

Mama hakuomba kitu. Ila alikuwa ameniambia kwa simu: "Sauti yako nimeisikia, mwanangu. Lakini watu walisema mlizama ziwani, na nyuso zenu sijaziona." Simu yake ilikuwa ndogo, isiyopokea picha.

Nikakiacha kitenge. Tukaenda kwa mpiga picha, sisi watatu, naye akatuchapia picha moja ya karatasi. Mama mmoja mchuuzi akaivusha ziwa. Kwa fedha iliyobaki nikanunua sukari, nikampelekea jirani mwenyeji aliyeniazima jembe siku zile nilipokuwa sina kitu.

Mchuuzi aliporudi, alileta kifuko cha unga wa muhogo kutoka kwa mama. Tangu tuvuke tulikuwa tukila mahindi tu. Jioni ile watoto walikula bugali kimya, hata sufuria ikabaki nyeupe.

Tushike mambo matatu.

La kwanza: zawadi isizidi mkono wa mtoaji. Atoaye kwa deni ili asifiwe amejinunulia sifa, wala hakumpa mtu kitu. Mapokeo husimulia kwamba Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra katika karne ya 4, aliwasaidia maskini usiku, asijulikane. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, siku ifaayo kupima nia zetu kabla ya kwenda sokoni.

La pili: tuanze na haja ya mpokeaji, si fahari ya nchi tunamokaa. Kitu hakiwi bora kwa kuwa kimevuka mpaka.

La tatu: tusiwasahau waliotukaribisha. Mamajusi nao walikuwa wageni katika nchi ya watu, na zawadi zao walizitoa papo hapo ugenini. Mgeni si mtu wa kupokea tu.

Maswali ya kujiuliza:

1. Zawadi ninayotaka kununua, je, ningeinunua hata kama hakuna jirani atakayeiona?
2. Je, nimesikiliza mpokeaji ana haja ya nini?
3. Ni nani hapa ugenini aliyenitendea mema, nami sijamshukuru?

Tukiisha kuyajibu kwa kweli, ndipo tuchukue kikapu twende sokoni.