Kusimamia Shauri la Mtoto Aliye katika Malezi ya Kambo

Msimamizi wa shauri ni mtu anayepaswa kujua, siku yoyote atakayoulizwa, mtoto fulani analala wapi, kwa nini yuko huko na atatoka huko kwenda wapi. Swali la tatu ndilo linalosahaulika upesi. Mtoto akishapata kitanda na sahani ya chakula, kila mtu hupumua, na jalada lake huanza kukusanya vumbi. Kazi yote ya msimamizi, ukiondoa makaratasi, ni kuhakikisha hilo halitokei.

Tanzania Bara kazi hii humwangukia Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Msingi wake ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake, zikiwemo za malezi ya kambo. Zanzibar ina sheria yake, Namba 6 ya mwaka 2011, ambayo inatambua pia kafala, yaani mtoto kulelewa na familia nyingine bila kubadilishiwa nasaba. Katika utendaji wa Bara kuna mipango miwili ambayo watu huichanganya. Familia ya kuaminika humpokea mtoto kwa dharura, pengine usiku wa manane, akae siku au wiki chache wakati mambo yanachunguzwa. Mzazi wa kambo humlea kwa muda mrefu zaidi, baada ya maombi, uchunguzi na kibali. Aliye hodari kwa la kwanza si lazima awe hodari kwa la pili: kuna mama anayeweza kumtuliza mtoto yeyote kwa usiku tatu, lakini hana nafasi ya kumlea kwa miaka mitatu.

Shauri huanza kwa taarifa. Huletwa na mwenyekiti wa mtaa, mwalimu, muuguzi, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au mtu aliyepiga simu namba 116 ya msaada kwa watoto. Saa za mwanzo ni za usalama tu: mtoto aliyejeruhiwa anapelekwa hospitali na fomu ya polisi ya PF3, mwenye njaa anakula, aliyechoka analala. Mahojiano marefu yanaweza kusubiri asubuhi. Mtoto anayeulizwa jambo lilelile na polisi, daktari, afisa na mtendaji wa kata katika siku moja hujifunza haraka kutoa jibu linalowaridhisha watu wazima.

Kabla ya kufikiria familia nyingine, msimamizi hujiuliza kama mtoto lazima aondoke kwao. Umaskini peke yake si sababu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inalisema hilo waziwazi. Bibi anayeuza vitumbua na kulea wajukuu watano katika chumba kimoja anahitaji msaada wa mtaji, sare na matibabu, si kunyang'anywa wajukuu. Kipigo, unyanyasaji wa kingono na kutelekezwa ni habari nyingine, na hapo mahakama inaweza kutoa amri ya matunzo, au amri ya usimamizi ambapo mtoto hubaki nyumbani huku afisa akifuatilia.

Kwa mtoto aliyeokotwa stendi au sokoni, kazi ngumu ni kuwatafuta ndugu. Mtoto wa miaka saba mara nyingi hajui jina la wilaya yake, na akilitaja anaweza kuwa anataja lile aliloambiwa na aliyempandisha basi. Ila anajua mengine. Anajua mnada huwa siku gani, wanalima nini, maji wanateka mtoni au bombani, mwalimu wa darasa la kwanza anaitwa nani, kengele ya kanisa au adhana inasikika kutoka upande gani, na bibi akikasirika anasema maneno gani. Msimamizi mwenye busara huacha kuuliza "kwenu wapi" na kumwomba mtoto amchoree njia ya kutoka nyumbani kwenda shule. Matamshi na maneno ya lugha ya nyumbani hupunguza eneo la kutafuta, na simu kwa afisa mwenzake wa wilaya inayodhaniwa humaliza kazi ambayo barua ingeichukua miezi. Akipatikana ndugu, bado haitoshi. Lazima ijulikane mtoto aliondokaje, kwa sababu huenda aliyempokea kwa machozi ndiye aliyempeleka mjini kufanya kazi za ndani.

Pasipo ndugu wa kumchukua salama, ndipo familia ya kambo inatafutwa. Uchunguzi wa nyumba si ukaguzi wa sofa na vigae. Msimamizi huangalia mtoto atalala wapi na pamoja na nani, nani mwingine anaishi au hufikia humo, watoto waliopo wanalionaje jambo hilo, na mume na mke wanakubaliana kweli au mmoja anamfuata mwenzake. Barua ya serikali ya mtaa inahitajika, lakini barua huandikwa kwa heshima. Majirani, wakiulizwa bila haraka, husema zaidi. Swali linalofaa kurudiwa kwa njia tofauti ni hili: kwa nini mnamtaka mtoto? Anayejibu kwamba mke anahitaji mtu wa kumsaidia nyumbani amejieleza vya kutosha. Anayetaka mtoto wa kuziba pengo la marehemu wake hastahili kukataliwa papo hapo, lakini anastahili muda. Dini na lugha ya mtoto, zikijulikana, huzingatiwa, na ndugu wa tumbo moja hawatenganishwi ila kwa sababu nzito.

Familia iliyokubaliwa huambiwa ukweli wote unaohusu malezi. Mtoto anayekojoa kitandani, anayeficha ugali chini ya godoro, au anayetumia dawa za ARV na ana kadi ya kliniki ya CTC, asikabidhiwe kana kwamba hana jambo. Mzazi wa kambo anapaswa kujua ili mtoto asikose dozi wala yeye mwenyewe asikasirike bure; mwenyekiti wa mtaa na majirani hawapaswi kujua. Aambiwe vilevile kuhusu fedha: asitarajie mshahara, maana familia hizi kwa kawaida hujitolea, na elimu bila malipo haiondoi gharama ya daftari, viatu na michango midogomidogo. Afadhali familia ijitoe mapema kuliko mtoto arudishwe baada ya mwezi. Kurudishwa humvunja mtoto kuliko kusubiri.

Baada ya kumkabidhi, yanaanza matembezi, na hapa ndipo mashauri mengi huharibika. Afisa mmoja ana kata kadhaa, nauli ya bodaboda hutoka mfukoni mwake, na simu ya kuuliza "mtoto hajambo?" hujibiwa "hajambo" kila siku. Ni lazima kufika. Kufika kwa taarifa humwonyesha msimamizi nyumba iliyofagiliwa. Kufika bila taarifa humwonyesha nyumba yenyewe, na ziara zote mbili zina faida zake. Katika kila ziara mtoto azungumze na afisa peke yake, mahali ambapo anaonekana lakini hasikiki. Mtoto mdogo hasemi "nateswa". Husema hapendi saa ya jioni. Huchora nyumba na kumwacha mtu mmoja nje. Huwa amekonda wakati watoto wengine wa nyumba ile wamenawiri. Sare yake ni safi, lakini daftari halina kazi tangu mwezi uliopita, na mwalimu, akiulizwa, anasema hufika saa nne. Ishara moja haithibitishi kitu. Tatu zikikutana, afisa asiondoke bila hatua. Vilevile mtoto aliyekuwa mkimya akianza kubisha na kununa si lazima kuwe na ubaya: mara nyingi ameanza kuamini kwamba hatafukuzwa.

Wakati huohuo wazazi waliomzaa wasiachwe. Kama mama alikuwa mlevi, nani anamfuatilia? Kama baba yuko gerezani, anatoka lini? Wakati mtoto akiwa kambo, nyumba yake ya asili inatakiwa itengenezwe, la sivyo kumrudisha kutabaki maneno ya kwenye fomu. Kuonana kwa mtoto na wazazi hupangwa kwa siku, mahali na muda unaojulikana. Mzazi anayeahidi Jumamosi na kutokea Jumatano huumiza, kwa hiyo msimamizi hamwambii mtoto kuhusu ziara mpaka mzazi awe njiani.

Jalada huandikwa siku ileile ya ziara. Yaliyoonekana yaandikwe kama yalivyoonekana, na maoni ya afisa yatengwe, kwa sababu ripoti hiyo huenda ikasomwa na hakimu, au na afisa mpya aliyehamishiwa kutoka mkoa mwingine. Maneno ya mtoto yabaki maneno ya mtoto. Mpango wa malezi hupitiwa upya kwa vipindi, mtoto mwenyewe akiwa na sauti kulingana na umri wake.

Shauri hufungwa kwa njia chache. Bora kuliko zote ni kurudi kwa wazazi au ndugu, kwa hatua: siku moja, wikiendi, likizo, kisha moja kwa moja, na ziara za ufuatiliaji ziendelee baada ya hapo. Njia nyingine ni kuasiliwa, ambako ombi huenda Mahakama Kuu, na ripoti za afisa kuhusu kipindi cha malezi ya kambo huwa sehemu ya ushahidi. Wapo pia wanaofikisha miaka 18 wakiwa bado kambo. Kwa hao maandalizi huanza mapema: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, kitambulisho cha taifa, ufundi au masomo, chumba cha kuanzia, na makubaliano ya wazi kama atakaribishwa nyumbani kwa mlezi sikukuu zikifika. Cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe mwanzoni mwa shauri. Kwa kijana wa miaka 18 ambaye mahali alipozaliwa hapajulikani na mashahidi wametawanyika, kukipata ni safari ndefu zaidi ya zote.